Kwa nini Bukavu ijifunze virusi vya bahari

Hotuba iliyotolewa Bukavu mbele ya wanafunzi, walimu na wavuvi

Mama na Baba waheshimiwa, walimu wenzangu, vijana wa chuo na wa sekondari mliojaza viti vya nyuma, na ninyi wavuvi mliotoka Kalehe na Idjwi mkaacha nyavu zenu kwa ajili ya mazungumzo haya: jambo sana, na aksanti kwa kufika.

Nimeombwa nizungumze juu ya utafiti na masomo ya kimataifa kuhusu virusi vya bahari. Najua swali lililo midomoni mwa wengi: bahari ipi, sisi tunaokaa milimani, mita 1,460 juu ya usawa wake? Basi tuanze na jiografia. Maji ya Ziwa Kivu yana mlango mmoja tu wa kutokea, nao uko hapa mjini: Ruzizi. Ruzizi inateremka mpaka Tanganyika. Tanganyika inatoa maji yake kwa Lukuga, pale Kalemie. Lukuga inaingia Lualaba, Lualaba ndiyo Kongo, na Kongo inamwaga Atlantiki pale Banana wastani wa mita za ujazo kama 40,000 kwa kila sekunde. Ni Amazon peke yake inayoupita mto huo kwa wingi wa maji. Kwa hiyo mtu wa Bukavu anayefua nguo mtoni Ruzizi anagusa maji yaliyo safarini kwenda baharini.

Na hata kama mto huo usingekuwepo, bado ningesimama hapa. Sayansi hii ilikulia baharini kwa sababu walioianza walikuwa na meli na bandari, lakini vitu vyenyewe viko kila mahali penye maji. Mwaka 1989 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norwe, walitangaza hesabu iliyowashtua wanabiolojia wa dunia nzima: katika mililita moja ya maji ya asili waliona virusi mpaka milioni 250. Hesabu hiyo ya juu kabisa hawakuipata baharini. Waliipata katika ziwa dogo la Ujerumani.

Hapa kwetu ukitaja virusi, watu wanafikiri kaburi. Na wana haki. Ebola iliyowaka Kivu ya Kaskazini na Ituri kuanzia 2018 hadi 2020 iliua zaidi ya watu 2,200, na mwezi wa nane 2019 ilifika hata Mwenga, katika jimbo letu. Ukimwi umepita karibu katika kila ukoo. Sitaki kuupunguza uchungu huo hata kidogo. Ninaloomba ni tuutenganishe na jambo la pili: sehemu kubwa kabisa ya virusi vilivyoko duniani haina habari na mwanadamu. Vinaishi majini na udongoni, na kazi yao ni kuingia ndani ya bakteria na mwani mdogo usioonekana kwa macho. Virusi vya bakteria tunaviita bakteriofaji, kwa kifupi faji. Faji haiwezi kumwambukiza mtu, wala mbuzi, wala samaki wetu sambaza. Mara nyingi kila faji ina aina yake ya bakteria, na nje ya hapo haina nguvu.

Wingi wao unatisha kidogo mtu akiusikia mara ya kwanza. Chukua kijiko cha chai, kijaze maji ya bahari ya kawaida karibu na pwani: humo mna virusi kama milioni 50, yaani karibu nusu ya watu wote wa Kongo. Kwa bahari yote ya dunia, wataalamu wanakadiria moja ikifuatwa na sifuri 30. Ni vidogo mno, wengi wao kati ya nanomita 20 na 200, lakini ukivipanga vyote mstari mmoja, mstari huo unatoka nje ya kundi letu la nyota na kuendelea mbele sana. Hesabu hiyo aliifanya Curtis Suttle, mtafiti wa Kanada ambaye jina lake mtakutana nalo mara nyingi mkiingia katika masomo haya.

Ilikuwaje dunia ikakaa muda wote huo bila kujua? Faji zenyewe zilijulikana zamani. Frederick Twort aliziona dalili zake Uingereza mwaka 1915, na Félix d'Hérelle akazitangaza na kuzipa jina mwaka 1917 huko Paris, katika Institut Pasteur, alipokuwa anachunguza kuhara damu. Lakini kwa miaka mingi njia ya kuzitafuta ilikuwa moja: unaotesha bakteria kwenye sahani, unamwagia maji, unangoja kuona kama bakteria wanakufa. Bakteria wengi wa baharini hawakubali kuota kwenye sahani. Hivyo kila aliyetafuta alipata kidogo, akaandika kwamba virusi baharini ni vichache. Watu wa Bergen waliacha sahani. Walichukua maji kama yalivyo, wakayazungusha kwa nguvu katika mashine mpaka kila kilichomo kikatua chini, wakakitazama kwa hadubini ya elektroni, wakahesabu. Nawaomba vijana mwangalie hapo vizuri. Maji yalikuwa yale yale, na bahari ile ile. Kilichobadilika ni namna ya kuyauliza.

Mwaka uliofuata, 1990, kazi mbili nyingine zilionyesha kwamba virusi hivyo haviko majini kama vumbi. Lita Proctor na Jed Fuhrman huko Marekani waliona bakteria wengi wa baharini wakiwa na virusi tumboni, tayari kupasuka. Suttle na wenzake walionyesha kwamba virusi vinapunguza pia uzalishaji wa mwani. Makadirio yanayotumika sana leo yanasema virusi vinaua kama asilimia 20 ya viumbe vidogo vya baharini kila siku. Tafakarini hilo. Moja ya tano ya uhai mdogo wa bahari, kila siku inayokuja, na bahari haiishi, kwa sababu waliobaki wanazaana upesi kwa chakula kilichotoka kwa waliopasuka.

Hapo ndipo penye kiini cha somo zima. Bakteria au mwani akiliwa na mdudu mdogo wa majini, chakula kinapanda: mdudu analiwa na samaki mdogo, samaki mdogo na mkubwa. Lakini akipasuliwa na virusi, vilivyokuwa ndani yake, kaboni, naitrojeni, fosforasi, chuma, vinamwagika majini na kuliwa na bakteria wengine. Ni kama sahani ya bugali iliyoanguka kabla ya kufika mezani: wageni hawakula, lakini kuku wa uani wameshiba. Steven Wilhelm na Suttle waliieleza njia hiyo vizuri mwaka 1999, na tangu hapo hakuna anayeweza kuhesabu samaki, wala hewa ya ukaa inayozama baharini, bila kuvipa virusi nafasi yao katika hesabu.

Sasa turudi nyumbani. Ziwa Kivu lina kina cha mita 485 pale lilipo refu zaidi. Oksijeni inafika kama mita 60 hivi za juu, na hata hapo ni katika miezi ya kiangazi, upepo unapoyakoroga maji. Chini ya hapo hakuna samaki, na kumefungiwa gesi ambayo kila mtoto wa hapa amesikia habari zake: kaboni dioksidi kama kilomita za ujazo 300 na metani kama 60, ukizipima kwa kanieneo ya juu ya ardhi. Chumvi na mbolea za asili nyingi zimefungwa huko chini pia. Maji ya juu, yenye mwanga, ni maskini wa chakula. Humo humo ndimo anamoishi sambaza, samaki aliyeletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ambaye leo anakaangwa kutoka Goma mpaka sokoni Kadutu.

Sambaza anakula wadudu wadogo wa majini. Wadudu hao wanakula mwani na seli ndogo zaidi. Kati ya seli hizo ndogo wamo sianobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga, wa jamii ya Synechococcus, na katika Ziwa Kivu wapo kwa wingi; hilo lilipimwa na timu ya watafiti wa Bukavu na wa Ubelgiji, na machapisho yake yapo. Synechococcus huyo huyo, kwa aina nyingine, ndiye mmoja wa wenyeji wakubwa wa bahari kuu. Mwaka 2003 watafiti wa Warwick, Uingereza, waligundua kitu cha ajabu katika faji zinazomshambulia: zimebeba ndani yake jeni za usanisinuru. Faji ikiingia, seli ingezima kazi ya kutengeneza chakula kwa mwanga; faji inaleta vipuri vyake yenyewe ili kazi iendelee mpaka watoto wa faji wakamilike. Kwa maneno mengine, sehemu ya mwanga wa jua unaoshikwa baharini unashikwa kwa jeni za virusi.

Mvuvi mmoja aliniuliza mlangoni, kabla hatujaingia, kama mambo haya yanamwongezea samaki. Baba, swali lako ni zuri kuliko mengi ninayosikia kwenye mikutano. Jibu ni kwamba kila seli inayopasuliwa na faji juu ya ziwa ni chakula kisichofika kwa sambaza kwa njia fupi, lakini ni mbolea inayobaki juu, penye mwanga, badala ya kuzama kule chini kunakotoka kidogo kidogo tu. Katika ziwa lililo maskini upande wa juu, mizani hiyo ina maana. Inaweza kupimwa: hesabu bakteria, hesabu virusi, mwezi kwa mwezi, kiangazi na masika, kisha linganisha na mavuno ya nyavu zenu. Haihitaji meli. Inahitaji mtumbwi, chupa, na mtu anayerudi pale pale kila mara bila kuchoka.

Na metani. Bakteria wanaokula metani wanakaa pale oksijeni inapokutana na maji ya chini, na wanakula sehemu kubwa ya metani inayopanda kabla haijafika hewani. Mwaka 2020 lilitoka chapisho kuhusu faji kubwa za maziwa ya maji baridi, zenye kubeba jeni moja inayohusika na ulaji huo wa metani. Yaani faji zina mkono katika kazi ya walinzi wa gesi. Sisi tunaoishi juu ya ziwa lenye metani kuliko karibu ziwa lolote lingine, tunaosikia mitambo ya ng'ambo, Karongi nchini Rwanda, ikiitoa gesi hiyo kutengeneza umeme, tuna sababu gani ya kuwaachia wengine swali hili?

Nitakaa zaidi kidogo kwenye kipindupindu, maana hapa sayansi ya bahari inaingia moja kwa moja ndani ya nyumba zetu.

Mwezi wa saba 1994, wakimbizi wa Rwanda karibu milioni moja walivuka mpaka na kuingia Goma na kandokando yake. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Wengi walikunywa maji ya ziwa hili hili. Wazee waliomo humu ndani hawahitaji nisimulie. Tangu wakati huo na hata kabla, ugonjwa haujaacha kurudi kandokando ya maziwa yetu, na mwaka 2008 daktari Mkongomani, Didier Bompangue, alichapisha pamoja na wenzake kazi inayoonyesha kwamba milipuko mingi ya nchi hii inaanzia maeneo ya maziwa ya mashariki.

Bakteria wa kipindupindu ni mwenyeji wa maji, hasa ya pwani na midomo ya mito, anakoshikamana na wadudu wadogo wa majini. Aliyetumia maisha yake kuthibitisha hilo ni Rita Colwell wa Marekani. Kutokana na elimu hiyo yeye na wenzake walifanya jaribio Bangladesh: wanawake walifundishwa kuchuja maji ya kunywa kwa kitambaa cha sari kilichozeeka, kilichokunjwa mara kadhaa. Kitambaa hakizuii bakteria aliye peke yake, lakini kinamzuia mdudu aliyembeba. Matokeo yalichapishwa 2003: wagonjwa walipungua kwa asilimia 48. Kitambaa! Mtu asiniambie tena kwamba ikolojia ya bahari ni anasa ya matajiri.

Lakini virusi viko wapi? Viko pande zote mbili za ugonjwa huu. Mwaka 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos walionyesha kwamba sumu inayomfanya mgonjwa aharishe mpaka akauke, jeni zake hazikuwa za bakteria mwenyewe. Zililetwa na faji. Bakteria wa kipindupindu asiye na faji hiyo ni kiumbe wa majini ambaye kwa kawaida hawezi kuleta janga. Upande wa pili, watafiti wa Dhaka walichapisha 2005 kwamba faji nyingine, zile zinazomuua bakteria huyo, zikiongezeka mtoni mlipuko unashuka, na zikipungua unapanda tena. D'Hérelle mwenyewe alikwenda India mwaka 1927 kujaribu faji dhidi ya kipindupindu. Kwa hiyo katika ndoo moja ya maji kunaweza kuwa na virusi vilivyompa bakteria silaha na virusi vinavyommaliza. Nani anavihesabu katika ghuba yetu mvua za kwanza zinapoanza? Hilo ndilo swali ningependa kijana mmoja wa humu alichukue kama kazi yake ya kumaliza masomo.

Ila msinielewe vibaya, hasa akina mama: hakuna faji inayoyafanya maji ya ziwa yafae kunywa. Yachemsheni, au tieni dawa ya klorini, kama mnavyojua.

Nije sasa kwenye masomo. Watu wa virusi vya bahari, kwa sifa yao, hawakuficha ufundi wao. Kuna kamati ya kimataifa ya utafiti wa bahari, SCOR, iliyoanzishwa 1957. Kamati hiyo iliunda kikundi kilichokusanya wataalamu wa nchi nyingi kuhusu virusi vya majini, na mwaka 2010 wakatoa kitabu cha mbinu: namna ya kuhesabu virusi, kupima vinaua kiasi gani, kuvihifadhi, kuvitenga. Sura kwa sura kinapatikana bure kwenye intaneti. Merikebu ya utafiti Tara ilizunguka bahari za dunia kati ya 2009 na 2013, na kutokana na maji iliyochota, chapisho la 2019 liliorodhesha jamii za virusi karibu 200,000, wengi wao hawakuwahi kuonekana kabla. Data zake ziko wazi. Mwanafunzi wa Bukavu mwenye kompyuta na muunganisho wa intaneti anaweza kuzishusha usiku huu na kuzichambua kama mwanafunzi wa Paris.

Na vipo vipimo ambavyo umaskini wa vifaa hauvizuii. Mwaka 2011 ilichapishwa njia ya kukusanya virusi kwa kloridi ya chuma. Unachuja maji kuondoa bakteria, unatia chuma kidogo, unangoja kama saa moja, virusi vinashikamana na chembe za chuma, unachuja tena kwa chujio la kawaida. Lita 20 za maji zinabaki karatasi ndogo inayohifadhika kwenye friji ya kawaida. Kwa mji ambao umeme unakatika bila kuaga na friza ya barafu kali haiaminiki, njia hiyo ina thamani kubwa kuliko mashine ya gharama. Kuotesha faji kwenye sahani ni rahisi zaidi: aga (ile jeli ya kuoteshea bakteria), bakteria asiye na madhara, joto la kawaida, na kesho yake unaona madoa mawazi pale faji ilipopita.

Mfano wa elimu hiyo uko hapa Afrika. Mwaka 2008 ulianza Marekani mpango ambamo wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wasiojua lolote la maabara, wanachota udongo, wanatafuta faji, wanasoma vinasaba vyake, na aliyeiona kwanza ndiye anayeipa jina. Anayeongoza sayansi yake ni Graham Hatfull wa Pittsburgh, na kazi yake ilifika mpaka Durban, Afrika Kusini. Huko, mwaka 2010, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal alichukua biringanya lililooza kwenye lundo la taka, akatoa humo faji, akaiita Muddy. Ilikaa kwenye hifadhi kama nyingine nyingi. Miaka minane baadaye, London, kulikuwa na kijana wa miaka 15 aliyepandikizwa mapafu na kushambuliwa na bakteria aliyekuwa hasikii dawa yoyote. Madaktari waliomba msaada Pittsburgh. Kati ya faji zote zilizojaribiwa, tatu zilichaguliwa, na Muddy ndiyo iliyokuwa kali kuliko zote. Mgonjwa alipata nafuu kubwa, na habari ilichapishwa 2019. Faji ya biringanya la Durban! Hakuna aliyeitafuta kwa ajili ya mgonjwa huyo. Ilipatikana kwa sababu mwanafunzi wa Kiafrika alifundishwa kutafuta, na jina aliloipa ndilo dunia inalolitumia.

Nataka hilo kwa Bukavu. Na nina sababu ya kulisema kwa ukali kidogo.

Mwaka 1976 profesa wetu Jean-Jacques Muyembe, wakati huo kijana, alifika Yambuku, kaskazini mwa nchi yetu, kwenye ugonjwa usiojulikana, akashika wagonjwa na kuchukua damu bila kinga ya maana. Damu ya mtawa mmoja ilipelekwa Antwerp, Ubelgiji, virusi vikaonekana huko, na kwa miaka mingi hadithi ya Ebola ilisimuliwa kana kwamba ilianzia Ulaya. Muyembe hakukata tamaa. INRB ya Kinshasa, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba aliyoiongoza kwa miaka mingi, leo inasoma vinasaba vya virusi hapa hapa nchini, na moja ya dawa mbili za Ebola zilizokubaliwa Marekani mwaka 2020 ilitokana na damu ya Mkongomani aliyepona Ebola mjini Kikwit mwaka 1995. Hiyo ndiyo njia yenyewe, na ilimchukua mtu mmoja maisha yake yote kuitengeneza. Watu wa maji waanze mbele zaidi, kwa sababu yeye ameshaifyeka.

Kwa hiyo kwa wageni wetu wa vyuo vya nje, ambao nafurahi kuwaona humu, nasema hivi kwa heshima. Karibuni sana. Lakini chupa za maji ya Kivu zikipanda ndege, mwanafunzi wa hapa apande pamoja nazo, au bora zaidi, mashine ije na ibaki. Jina lake liwe kwenye chapisho, na mahali pake pawe penye kufikiri, si mwisho wa orodha baada ya aliyeendesha mtumbwi. Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa 2010 na kuanza kutumika 2014, inadai ruhusa na mgawo wa haki kwa mali ya kijenetiki ya kila nchi, na virusi vya ziwa hili ni mali ya namna hiyo. Tuandikiane mkataba kabla ya kuchota, maana baada ya kuchota mkono wa mwenyeji hauna nguvu tena.

Kwa wakuu wetu wa vyuo: hatuanzi mahali patupu. Kituo cha utafiti cha Lwiro kilianzishwa tangu 1947. ISP ya Bukavu, chuo cha ualimu, ina kitengo cha hidrobiolojia, elimu ya viumbe vya majini, ambacho kimepima ziwa hili kwa miaka mingi, na kazi zake zinatajwa duniani. Uvira kuna kituo cha hidrobiolojia kwenye Tanganyika. Watu hao wanajua kuchukua maji ya mita 60 bila kuyachanganya na ya mita 50, na ujuzi huo haupatikani kwa kitabu. Kinachokosekana ni kuongeza virusi kwenye vipimo wanavyofanya tayari. Chumba kimoja, hadubini moja yenye mwanga wa kung'arisha seli, kemikali chache, betri za jua za kutosha friji moja. Tuache kungoja jengo jipya.

Kwa walimu wa sekondari: mtoto wa darasa la biolojia ambaye hajawahi kuona doa la faji kwenye sahani amefundishwa virusi kwa hofu tu. Njooni tuwaonyeshe namna ya kufanya, kwa bakteria salama na kwa usafi wa kazi. Mtoto huyo siku mlipuko ukija, akisikia uvumi mtaani kwamba ugonjwa umetengenezwa kwa ajili ya kutuangamiza, atakuwa na kitu alichokiona kwa macho yake cha kuweka mbele ya uvumi huo. Mliokuwepo wakati wa Ebola mnajua uvumi uligharimu roho ngapi.

Na kwenu wavuvi: mnajua ni wapi maji yanabadilika rangi, lini sambaza wanapanda juu, upepo gani unatangulia maji kugeuka. Hayo ni vipimo, ila hayajaandikwa. Tunataka kuyaandika pamoja nanyi, na yatakapochapishwa isemwe wazi yametoka kwa nani.

Tunaanza Jumamosi ijayo, saa kumi na mbili asubuhi, kwenye ghuba, kabla mitumbwi ya usiku haijapakua. Tutachota juu, mita 10, mita 30 na mita 60, na kila mwezi tutarudi pale pale. Wanafunzi wanaotaka kushiriki waandike majina kwa asistenti aliye mlangoni; nafasi za mtumbwini ni chache, lakini maabara inahitaji mikono mingi, na kuhesabu kunachukua siku nzima. Kila mmoja aje na daftari lenye karatasi ngumu na kalamu ya risasi, kwa sababu wino unafutika ukilowa. Wasiojua kuogelea waseme mapema, tuna majaketi ya kuokolea. Sasa nipo kwa maswali, na ningependa wavuvi waanze.